Nimeanza mazoezi mara tatu na mara tatu nimeacha. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, ni mhasibu katika ofisi moja Posta, Dar es Salaam, na ninaishi Kimara. Mwaka juzi nilijiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani. Jumamosi ya tatu goti la kulia likavimba. Mwaka jana nikapakua kwenye simu programu ya mazoezi ya siku 30. Siku ya 11 mtoto akalazwa, nikaacha. Januari mwaka huu nikalipia jimu miezi mitatu, nikaenda wiki mbili tu. Sasa zahanati wamenipima presha mara mbili, zote 138 kwa 88, wakasema nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Mume wangu anasema mimi ni mvivu tu. Ni kweli? Na nianzeje ili safari hii nisiache?

JIBU: Marahaba, dada yangu.

Mtu anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri, akasimama kwenye basi la mwendokasi hadi Posta, akashinda na mahesabu ya watu, akarudi saa 2 usiku na bado akakagua madaftari ya watoto, huyo mimi simwiti mvivu. Neno hilo tuliweke kando kabisa, maana lina madhara. Likishakukaa kichwani, kila siku unayokosa mazoezi inakuwa ushahidi dhidi yako, na mtu aliyekwisha kujihukumu hana hamu ya kuanza tena kesho yake.

Nimefanya kazi ya fiziotherapia zaidi ya miaka 20, na barua kama yako nimeisoma kwa sura nyingi. Ninachokiona kwako ni kwamba mipango yote mitatu ilitungwa kwa ajili ya siku yako nzuri. Jogingi ya Jumamosi ilidai goti lililokwisha kuzoea kukimbia. Programu ya simu ilidai mwezi mzima ambao hakuna mtoto anayeugua. Jimu ilidai saa moja na nusu, nayo siku yako haina. Siku nzuri zilipokatika, mpango ukakatika nazo. Kwa hiyo yote nitakayokuambia leo yanatoka kwenye jambo moja: panga mazoezi yako kwa kipimo cha siku yako mbaya. Kile unachoweza kukifanya siku ambayo umeme umekatika, mdogo ana homa na wewe umeshachelewa basi, ndicho cha kuanzia. Kitaonekana kidogo hata uone aibu kumwambia mtu. Usikiongeze.

Ngoja kwanza nikurudishe shule ya msingi, maana naamini tatizo la wengi wetu lilianzia huko. Mazoezi tuliyakuta shuleni kwa sura mbili. Ya kwanza ilikuwa adhabu. Umechelewa namba, umeshika masikio, unaruka kichurachura kuzunguka mlingoti wa bendera huku wenzako wanakutazama. Tukakua tukiamini kwamba mwili unafanyishwa kazi pale mtu anapokuwa na kosa. Leo mwanamke wa miaka 44 anajitazama kwenye kioo, anaona nguo haimtoshi, na anajihukumu vilevile: nimenenepa, lazima niteseke. Anakwenda kujirusha kichurachura cha kulipia. Adhabu haina mtu anayeipenda, na hakuna anayeirudia mwenyewe akishapata mwanya wa kuikwepa.

Sura ya pili ilikuwa mchakamchaka. Kengele inalia, mnapanga mistari, mwenye sauti anaanzisha, wengine mnaitikia, mnazunguka uwanja au mnakwenda hadi barabarani na kurudi. Dakika chache tu, kisha mnaingia kwenye usafi. Hakuna aliyepimwa wala kuulizwa kama anajisikia kukimbia. Mtoto mnene na mtoto mwembamba walimaliza pamoja, kwa sababu mwendo ulikuwa wa wimbo, na mtu anayeimba hawezi kukimbia mpaka akose pumzi. Tulifanya hivyo miaka saba, na sidhani kama kuna aliyewahi kusema ameshindwa mchakamchaka. Mwili huzoea jambo kwa njia hiyohiyo: ishara ileile, mahali palepale, kipimo kidogo, wala hakuna mjadala. Mchakamchaka ndio ninaotaka turudi nao, ila kengele tutaitafuta nyumbani kwako.

Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London, kile kinachoitwa University College London, walitoa matokeo ya utafiti uliowafuata watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku, likiwa limefungwa kwenye jambo jingine: kula tunda wakati wa chakula cha mchana, kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa, kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Walitaka kujua inachukua siku ngapi mpaka jambo lijifanye lenyewe, bila mtu kujisukuma. Kwa wastani ilikuwa siku 66. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo ambao kwa hesabu wangehitaji siku 254. Waliochagua maji walizoea mapema. Waliochagua mazoezi walichelewa zaidi. Kwa hiyo programu yako ya siku 30, hata kama mtoto asingelazwa, ingeisha kabla mwili haujazoea.

Lakini kuna sehemu ya utafiti huo iliyonigusa zaidi kuliko siku 66. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mtu aliyeruka siku akarudi kesho yake aliendelea kujenga mazoea karibu sawa na ambaye hakuruka. Sasa irudie ile siku ya 11. Mtoto amelazwa, umelala kwenye kiti pembeni ya kitanda chake wodini, programu inakutumia ujumbe kwamba mfululizo wako umekatika. Ulirudi nyumbani ukaona umeharibu. Hukuharibu kitu. Ulikuwa na siku nne au tano za kumuuguza mwanao, na siku ya sita ungeendelea ulipoachia. Iliyokosea ni ile programu, iliyohesabu siku zako kana kwamba huna watoto.

Basi kengele. Hukuniambia, lakini nakisia kwamba kila alfajiri, kwa umeme au kwa gesi, kuna maji unayabandika, ya chai au ya kuoga. Hayo maji ndiyo kengele yako. Sema hivi, na uyaseme kwa sauti mara moja leo usiku: nikishabandika maji, nitakaa kwenye kiti na kusimama mara tano. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi tofauti kati ya mtu anayesema “nitafanya mazoezi” na anayesema “nikifika hapa, nitafanya hivi.” Wa pili hutimiza mara nyingi zaidi, kwa kuwa uamuzi ameshaufanya jana na asubuhi hana la kufikiria.

Hili la kiti nilieleze taratibu, maana ndilo zoezi ninaloliamini kuliko yote kwa mtu wa umri wako mwenye goti lililowahi kulalamika.

Chukua kiti cha mezani, cha mbao, ukiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Usikae mpaka nyuma; kaa nusu ya kiti. Nyayo zote mbili chini, zikiwa na upana wa nyonga zako, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Sasa inama mbele kutoka kiunoni, mgongo umenyooka, mpaka pua yako iwe juu ya vidole vya miguu. Hapo uzito wako umeshaondoka kwenye kiti na kuhamia miguuni. Sukuma sakafu kwa nyayo nzima, simama wima, toa pumzi unaposimama. Kisha rudi chini, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajitupa. Kazi kubwa ya zoezi iko kwenye kushuka. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini, mpaka makalio yaguse. Angalia magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu, yasikimbiliane ndani. Likiuma goti, weka mto juu ya kiti. Kimo kikipanda, mzigo unapungua. Mara tano zitachukua chini ya dakika moja, maji hata hayajaanza kuvuma.

Kwa wiki mbili za kwanza fanya hilo tu. Utakuwa na hamu ya kuongeza, hasa siku ya tatu au ya nne, ukiona ni rahisi. Usiongeze. Wiki hizi mbili hatujengi misuli bado, tunaizoesha kengele.

Haya niliyajifunza kwa makosa yangu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nikimpa kila mgonjwa wa mgongo au goti karatasi yenye mazoezi kumi, nimeyachora vizuri, kila moja seti tatu. Wanarudi baada ya mwezi, nawauliza, wanatazama chini. Siku moja mama mmoja fundi cherehani alinijibu kwa upole: “Daktari, ile karatasi nikiiona najisikia vibaya, nimeifunika na kitambaa.” Nilikaa na jibu lile siku nyingi. Aliporudi nikampa zoezi moja, la kusimama kila anapomaliza kuzungusha uzi kwenye bobini na kunyoosha mgongo mara tatu. Alilifanya, kwa sababu bobini huisha yenyewe na kumkumbusha. Toka siku hiyo sijampa mtu karatasi ya mazoezi kumi.

Wiki ya tatu tunaongeza kutembea, na hapa naomba unisikilize vizuri kuhusu mahali. Usitembee Kimara saa 11 alfajiri. Ni giza, barabara za ndani hazina taa, na mazoezi yanayokutia hofu hayatadumu. Tembea mjini, kukiwa kumekucha. Wewe unashuka Posta ya Zamani. Pitiliza, nenda na basi mpaka Kivukoni, mwisho wa gari, kisha urudi ofisini kwa miguu kando ya bahari. Ni mwendo wa kama dakika 10. Saa hizo upepo bado ni wa baridi, wa Feri ndio wanashusha samaki, na hujaanza kutoka jasho la kuharibu blauzi ya kazini. Jioni fanya kinyume: badala ya kugombania basi Posta likiwa limeshajaa, tembea hadi Kivukoni ulipandie linapoanzia. Wako wanaofanya hivyo kila siku ili wapate kiti tu, wala hawajui kwamba wanafanya mazoezi.

Mwendo uwe wa mtu anayewahi. Kipimo chake ni pumzi: uweze kuongea na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba, sauti ikatike. Ukiweza kuimba vizuri, ongeza hatua kidogo. Ukishindwa hata kuongea, punguza.

Sasa utaniuliza, dakika 10 zitasaidia nini? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya: mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani kama huo nilioueleza, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo wa zamani ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10 ndipo kihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Dakika tatu za ngazi zinahesabiwa. Piga hesabu yako, maana wewe ni mhasibu: dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku tano, ni 100. Jumamosi nenda sokoni kwa miguu, dakika 25 kwenda. Ukirudi na mzigo mwepesi, 25 nyingine. Hizo ni 150, na hakuna saa hata moja uliyoikata kwenye usingizi wako wala kwa watoto.

Na kama unaona kutembea kwenda kazini si mazoezi ya kweli, kuna kisa cha mabasi ya London ninachokipenda sana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu maelfu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva na konda walifanya kazi kwenye gari moja, wakavuta moshi uleule, mishahara yao haikupishana sana. Tofauti ni kwamba dereva alikaa kutwa nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, mamia ya ngazi kila siku. Makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioumwa walikuwa na nafuu zaidi. Walipowatazama watumishi wa posta wakakuta vivyo hivyo: aliyepeleka barua kwa miguu alikuwa salama zaidi kuliko karani aliyekaa ofisini. Morris alikuwa mwaminifu, akaendelea kujiuliza kama madereva walianza kazi wakiwa tayari wanene, na mwaka 1956 akachunguza hata vipimo vya kiuno vya suruali zao za kazi. Kweli, madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi. Lakini tafiti nyingi zilizofuata, katika nchi nyingi, zimeunga mkono alichokiona. Makonda wale hawakuwa wamelipia jimu. Walikuwa na ngazi zilizowangoja kila kituo.

Zile hatua 10,000 ambazo simu yako inakudai, zisikunyime usingizi. Namba hiyo ilitoka Japani mwaka 1965, muda mfupi baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Lilikuwa jina la bidhaa kabla halijawa lengo la dunia nzima. Ukitoka hatua 3,000 ukafika 5,000, mwili wako umefaidika.

Mvua itakuja. Masika ya Machi hadi Mei imewaachisha mazoezi watu wengi niliowahudumia kuliko ugonjwa wowote. Kwa hiyo amua leo, kukiwa kukavu: mvua ikinyesha, nitashuka Posta kama kawaida na kupanda ngazi za ofisini, ghorofa mbili, mara mbili, badala ya lifti. Ikiwa unafunga Ramadhani, hamishia mwendo wa jioni baada ya futari, taratibu, na asubuhi bakiza kiti tu. Ukiwa msibani au safarini, bakiza kiti. Viti viko kila mahali.

Kuongeza kuje lini? Watu hupenda niwape tarehe. Mimi natumia ishara nyingine: siku utakayobandika maji, ukaitwa na mtoto, ukarudi, ukajikuta unahisi kuna kitu hujakifanya, hapo ndipo kiti kimekuingia. Toka mara tano nenda nane, baada ya wiki mbili nenda kumi. Usiongeze kiti na kutembea wiki moja. Kimoja kikipanda, kingine kinasubiri.

Ukifika mwezi wa tatu, ongeza mikono. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, jisukume urudi. Mara nane, jioni ukishavua nguo za kazi. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Nyumbani una mizigo mizuri kuliko ya jimu: dumu la maji la lita 5 lina kilo 5 kamili. Beba moja kila mkono, mabega yamerudi nyuma, tembea toka mlangoni mpaka jikoni na kurudi mara nne. Hili nalisisitiza kwa mwanamke wa miaka 44 kwa sababu miaka michache ijayo hedhi itakoma, na homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yako itapungua. Misuli nayo huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini na kitu kama haipewi kazi. Bibi anayeshindwa kuinuka chooni akiwa na miaka 75, mara nyingi nguvu za mapaja zilianza kumtoka akiwa na umri kama wako, na hakuna aliyemwambia.

Kwenye meza yako ya kazi nakuomba jambo dogo: kila ukipokea simu, simama. Mwaka 2020 watafiti waliokaa na Wahadza, wale wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, walieleza kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama watu wa mjini. Ila wao sehemu ya mapumziko hayo huwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Sisi kiti kinatubeba kila kitu.

Wahadza hao hao wametufundisha jambo jingine, gumu kulimeza. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadza kwa siku, pamoja na kutembea kwao kote, na ukiangalia ukubwa wa mwili ilikuwa karibu sawa na ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Mwili una njia zake za kubana matumizi. Kwa hiyo mizani isiwe ndiyo hakimu wako. Uzito unasikiliza zaidi sahani kuliko miguu. Watu wengi huacha mazoezi wiki ya sita kwa sababu kilo hazijashuka, wakati presha, usingizi na pumzi zao zimeshaanza kubadilika. Chukua kalenda ya ukutani, kila ukifanya kiti weka alama ya kalamu. Siku tupu iache tupu, usiilipie kesho kwa kufanya mara kumi. Kulipa deni ni kurudi kwenye kichurachura.

Tuje kwenye presha yenyewe. Hiyo 138 kwa 88 bado haijavuka 140 kwa 90, ambapo ndipo kwa kawaida tunaanza kuita shinikizo la juu la damu, lakini imesogea, na zahanati walifanya vizuri kukuambia. Kwa watu ambao imeshapanda, mwendo wa mara kwa mara huweza kushusha ile namba ya juu kwa kama pointi 5 hadi 8. Faida hiyo hupotea ndani ya wiki chache mtu akiacha, ndiyo maana nakazania kidogo kinachodumu. Chumvi punguza kama ulivyoambiwa, na ile ya kuongeza kwenye sahani iache kabisa. Pima tena kila mwezi, na unapopimwa kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijakunjwa nne, mkono usawa wa moyo. Ukipimwa huku unahema kutoka kituo cha basi utapewa namba ya kukutisha bure. Unapobeba dumu au kusukuma ukuta usibane pumzi. Na ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au pumzi kukata kwa kazi ndogo, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.

Goti lako la kulia: jogingi haikuwa dhambi, ilikuja tu kabla ya mapaja kuwa tayari. Maumivu madogo wakati wa zoezi, ambayo kesho yake asubuhi hayapo, hayanitishi. Likiamka limevimba, au likikwama katikati ya kukunja, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia alishike kwa mikono yake. Barua haiwezi kufanya kazi hiyo. Na zile raba, kama ni za mtumba, zigeuze uangalie soli. Ikiwa imelika zaidi upande mmoja wa kisigino, ni mwendo wa mwenye raba wa kwanza unaoupokea kwenye goti lako kila hatua. Tafuta nyingine iliyokaa sawa, hata kama si nzuri hivyo. Viatu vya ofisini viache kwenye droo ya meza.

Mume wako, usibishane naye. Jumapili jioni mwambie atoke nawe, mtembee hadi dukani na kurudi, na njiani muongee mambo ya nyumbani ambayo wiki nzima hamkupata nafasi ya kuyaongea. Nimeona ndoa kadhaa zikifaidika na mwendo huo kuliko magoti.

Leo usiku kabla hujalala kiegemeze kiti ukutani, karibu na jiko. Kisiwe cha plastiki. Juu ya marumaru vinateleza, nami nimeshamhudumia mama aliyevunjika kifundo cha mkono kwa namna hiyo. Ukifika wiki ya sita niandikie uniambie goti linasemaje unaposhuka ngazi za ofisini, hasa kushuka.